Kabla Shaabani Haijaisha

Ibra, Sharqiya
18 Juni 1981

Kwa dada yangu mpenzi Ghaniya (najua Mama akiishika bahasha atasema hii ni ya Zawadi),

Shikamoo dada. Shikamoo nyingine umpelekee Mama, umwambie nimeinama kabisa wakati naiandika. Ama baada ya salamu, mimi mdogo wako Yaarub ni mzima, nakula, nalala, na mashavu yameanza kujaa, jambo ambalo wewe ulisema halitatokea mpaka kiyama. Wasiwasi wangu uko kwenu tu: kifua cha Mama na kipupwe cha Tabora, cherehani yako, na yule jogoo aliyekuwa ananichukia. Huku hakuna jipya ila heri.

Nimeandika "hakuna jipya" kwa sababu nimefundishwa adabu. Utaona mwenyewe nilivyofundishwa.

Kwanza nikueleze serikali ya huku. Dada, hapa hulali na sheria uliyoamka nayo. Redio ya duka la Mahrous inasoma matangazo baada ya adhuhuri, nasi madereva tunajibanza kwenye kivuli cha ukuta tunasikiliza kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Walisema mbuzi wasionekane kwenye lami. Watu wa Ibra wakaitikia kwa heshima, na mbuzi wakaendelea kulala palepale, maana mbuzi hawasikilizi redio. Ikasemwa kila duka liwe na kibao. Mahrous akaweka kibao kikubwa kuliko duka. Kisha ikawa hakuna kuingia kazini serikalini bila kanzu na kilemba. Rafiki yangu Zuhair, mzaliwa wa Unguja, ni tarishi katika ofisi ya wali, yaani mkuu wa mji. Hakujua kufunga kilemba. Nikamfunga mimi, nisiyejua pia, akaenda kazini kama mtu aliyepasuka kichwa. Yeye hunicheka Kiswahili changu cha bara, nami humkumbusha kilemba, tunalipana.

Lakini mbili zimeninyima raha. Moja bado ni pendekezo tu, wanasema linazungumzwa Maskati: gari la abiria liendeshwe na raia peke yake. Na mimi, dereva bora kuliko wote kati ya Ibra na Sur (waulize wenyewe), siyo raia bado. Ya pili siyo pendekezo. Sisi tuliozaliwa Afrika kwa baba wa huku tunaandikishwa hapahapa Ibra, kwa ushahidi wa sheikh wa kabila na wa mtu mmoja aliyemjua baba kwa macho kabla hajasafiri. Shaabani ikiisha, mlango huo unafungwa, na mambo yote yatapelekwa Maskati, ambako wanataka makaratasi. Makaratasi gani? Baba alituachia kofia na koti. Na mimi nisipokuwa raia, wewe na Mama siwezi kuwaita. Ndiyo maana nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi nikajitia ushujaa. Nikaazima kanzu ya Zuhair, tukaenda kwenye sabla, chumba ambamo wanaume wa ukoo wetu hukutana kunywa kahawa. Tulipokaa, mzee mmoja akaniuliza habari: habari za nchi, habari za niliowaacha, habari zozote. Wote wakaniangalia. Nikajua hapa kesi imeanza. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga kwamba mimi ni mwana wa Muhanna bin Azzan, kwamba Baba alifariki Tabora kwa homa, miaka kadhaa sasa, tukamzika upande wa relini, kwamba nimebaki na mama yangu na dada yangu Ghaniya, fundi wa nguo, na nataka kuwaleta. Nilisema vizuri, dada. Hata mikono niliitumia.

Mwenye kumimina kahawa alisimama na birika hewani. Mzee mmoja mwembamba, aliyekaa karibu na mlango, akaweka chini kikombe kikiwa kimejaa, akainuka, akatoka bila kuaga.

Njia nzima Zuhair alinisema mpaka masikio yakawaka. Akasema ile haikuwa kesi, ilikuwa salamu. Huku ukiulizwa habari unajibu hakuna habari, ila heri, hata kama umetoka kuzika. Unakunywa kahawa, unakula tende, halafu ndipo unatoa ulicho nacho, kidogo kidogo. Akaniuliza mbona hata sisi Waswahili hujibu nzuri huku nyumba inaungua, mimi nimetokea pori gani? Na kosa la pili likawa kubwa zaidi: nimetaja jina la dada yangu mbele ya wanaume. Huku mtu akimsema mkewe au dada yake, husema "watu wa nyumbani" tu. Jina la mwanamke halitoki nje ya mlango. Samahani dada, nimekutangaza.

Tena mzee aliyetoka ndiye hasa tuliyekuwa tumemwendea pale. Anaitwa Khelef, mwenye mitende upande wa chini wa mji, na ndiye pekee aliye hai aliyekuwa kijana pamoja na Baba. Sheikh mwenyewe alikuwa mtoto Baba alipoondoka. Akanitumia Zuhair na ujumbe: Khelef akishuhudia, naye atashuhudia, Khelef akikataa, yeye hawezi kuapa juu ya mtu asiyemkumbuka.

Nikaanza kumwandama Khelef. Kila nikitoka safari napitisha pikapu shambani kwake. Nikambebea majani ya mifugo bure. Akapanda, akakaa mbele, akatazama njia, akashuka sokoni bila neno. Siku nyingine nikamuuliza waziwazi juu ya Baba. Akasema, "Simjui mtu wa jina hilo." Nami mdomo wangu unaujua, nikamuuliza kama hamjui, mbona aliiacha kahawa? Akanitazama kama mbuzi wa kwenye lami, akarudi kwenye mitende yake.

Huku nyuma uvumi nao unazidi. Leo wanasema wali atafunga kazi ya uandikishaji mapema kwa sababu ya Ramadhani, kesho wanasema ataongeza muda, keshokutwa wanasema mashahidi watakuwa wawili. Nilikuwa nalala na kiatu kimoja mguuni. Zuhair akaniambia nikae nitulie. Nitulie vipi, na mwezi unakonda kila siku?

Wiki iliyopita, baada ya alasiri, Khelef mwenyewe akaja kunisimamisha njiani. Akanipeleka mpaka nyumbani kwake, akaniketisha barazani, akanipa mgongo. Nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima. Akaniuliza habari. Safari hii nikajibu kwamba hakuna habari, ila heri. Nikasikia anacheka puani.

Ikaletwa kahawa. Kisha akaniuliza juu yako. Wewe ni mkubwa kwangu au mdogo? Unafanana na nani? Una hasira? Nikamwambia unazo, za kutosha wawili. Akauliza jina lako alilichagua nani. Nikasema Baba mwenyewe, na Baba hakuwa mtu wa kutoa sababu.

Kahawa ikapoa mkononi mwangu. Halafu akasema, "Hilo ni jina langu."

Dada, kumbe Baba alioa hapa kabla hajamjua Mama. Alimwacha bibi huyu bado bibi arusi, akamwambia atarudi tende zijazo. Khelef, kaka wa bibi, ndiye aliyemsindikiza Baba kwa ngamia mpaka Sur. Hakurudi, hakuandika, hakutoa talaka. Bibi alimngoja mpaka siku nilipofungua mdomo kwenye sabla, na Khelef akaenda kumwambia kwamba ni mjane, na kwamba yuko msichana Afrika mwenye jina lake.

Nikataka kuomba radhi, Kiarabu chote kikanikimbia. Akanisaidia yeye. "Umeleta habari mbili kwa mdomo mmoja," alisema, "ukazimwaga zote mlangoni kama maji ya kufulia. Ya kifo ungeileta polepole. Ya jina ungeichelewesha, ningekufa sijaipata." Kisha akapaza sauti kidogo kwa kaka yake: "Khelef. Yule mtu unamjua."

Asubuhi yake nilimpeleka Khelef ofisini kwa pikapu. Zuhair alikuwepo, kilemba kimekaa sawa safari hii, ndiye aliyenieleza. Mzee alisema alimjua Muhanna bin Azzan kwa macho yake, alimfikisha Sur yeye mwenyewe, na laiti angegeuza ngamia. Sheikh naye akashuhudia. Nimeandikwa, dada. Sasa naweza kuwaita.

Hapa ndipo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo wa barua. Bibi anataka mkija mfikie kwake, wewe na Mama. Chumba ameshakipaka chokaa. Na mimi, bila kumuuliza Mama, nimeitikia. Ningesemaje?

Nilitaka kukwambia umsomee Mama mpaka kwenye mbuzi, halafu uikunje. Lakini juzi nikitoka Sur likanijia jambo, nikasimamisha gari kando. Baba alikuwa akiita "Ghaniya" kutoka barazani, naye Mama palepale huita "Zawadi" kutoka jikoni. Kila mara. Tukidhani wanataniana. Dada, Mama hajakuita kwa jina lako hata siku moja. Labda hakuna la kumficha. Labda alilijua siku ile ulipopewa, akaishi nalo ndani ya nyumba miaka yote, na wala hakumtolea mtoto uchungu wake.

Kwa hiyo akikuuliza barua ya Yaarub inasemaje, mwambie hakuna habari, ila heri. Mpe chai. Mpe na kitu cha kutafuna. Halafu anza, kidogo kidogo. Akikubali kuja, nijibuni haraka, maana serikali hii sijui itaamkaje. Akikataa, nijibuni vilevile, nitakwenda mimi barazani kwa Bibi kusema.

Wasalimu majirani wote, hata waliosema sitafika mbali. Zuhair anasalimu, ingawa humjui. Mzee Khelef hasalimu mtu, lakini jana alinipa tende za kwanza za msimu nikuwekee. Na Bibi Ghaniya wa Ibra anamsalimu Ghaniya wa Tabora.

Ni mimi mdogo wako, raia,
Yaarub bin Muhanna