Barabara Iliyokatika Kwenye Simu Tu

Alhamisi, Kiranjeranje. Rasharasha tangu alfajiri, na mimi nimenuna kama mawingu yenyewe.

Nimekasirika, na ninayemkasirikia ni mimi.

Bibi yangu ana mtoto wa jicho. La kushoto limeshafunga, la kulia linamwonyesha watu kama vivuli. Wiki hii madaktari wa macho walikuja hospitali ya Lindi kwa siku tatu, wanapasua bure. Bibi aliandikishwa siku ya mwisho, yaani jana.

Jana asubuhi tumeshavaa, mimi, yeye na mama, baba mdogo akarusha video kwenye kundi la familia. Maji mekundu, daraja limezama, watu wanapiga mayowe. Chini aliandika: "Barabara ya Lindi imekatika. Naituma kama nilivyoipokea."

Kwetu maneno hayo yanatosha. Aliyetuma hana kosa, aliyepokea haulizi.

Mama akanigeukia. Mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, mimi ndiye mwenye bando. "Hebu tazama huko mtandaoni, ni kweli?"

Nikaandika: barabara ya Lindi imekatika. Zikaja habari chungu nzima, na picha, na mtangazaji kasimama kwenye matope.

"Kweli, mama. Kila mahali wameandika."

Bibi akafungua ushungi wake. "Basi, kama simu imesema. Mke mwenzangu," ndivyo anavyonitania mimi mjukuu wake, "njoo univue viatu."

Zilikuwa habari za masika yaliyopita. Tarehe ilikuwepo, kwa herufi ndogo, juu ya kila habari. Sikuitazama. Niliuliza barabara iliyokatika, nikaletewa barabara iliyokatika.

Na nyumba yetu iko kando ya barabara hiyohiyo! Mabasi ya kutoka Lindi yalipita asubuhi nzima yakipiga honi. Niliyasikia. Nilikuwa nimeinamia simu.

Mchana jirani yetu, Mzee Hassani, akashuka kutoka Lindi na bandeji jichoni. "Mbona hamkuja? Jina la bibi yenu limeitwa mara mbili."

Nilikimbilia ndani.

Leo nimeandika kwenye kundi: "Habari ya jana ilikuwa ya zamani. Kosa ni langu, sikuangalia tarehe." Sentensi mbili, na zimenichukua asubuhi nzima. Baba mdogo akajibu, "Haa, msomi wetu! Mimi nilituma tu." Muda si muda akatuma nyoka mwenye vichwa viwili. Kama alivyompokea.

Bibi hana simu. Nilimwambia ana kwa ana, nikilia. Akauliza, "Sasa wanarudi lini?"

Hakunitania hata kidogo. Ni afadhali angenigombeza.

Nimetafuta jibu tangu hapo. Nimepata matangazo ya miwani, madaktari wa mikoa mingine, na mtu anayeuza dawa ya kuyeyusha mtoto wa jicho kwa asali. Safari hii nimeangalia tarehe zote. Jibu la bibi halimo.

Kwa hiyo kesho napanda basi kwenda Lindi kuuliza kwa mdomo wangu. Mimi, ambaye dukani huonyesha kitu kwa kidole ili nisiongee! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Shikamoo. Madaktari wa macho wanarudi lini?

Na wakisema hawajui, sitaondoka. Nitauliza: nani anajua?