Daraja ya Papa Inasimama Bado

Butembo, mwezi wa kumi na moja

Kwako yaya yangu, kaka mukubwa Moustapha, ku Beni,

Asalam aleikum. Nakusalimia wewe, shemeji Nasiba na batoto bote. Munaamuka namna gani? Homa ya mutoto imeisha? Sisi huku tuko bazima, Mungu asifiwe. Mama, magoti inamuuma juu ya baridi, mais hata vile anaenda ku soko kama kawaida.

Yaya, najua habari ya daraja ilikufikia kwa midomo ya badereva, na kila mutu aliongeza yake. Donc pokea na yangu.

Unajua kazi yetu ku bureau: tunapita fasi kwa fasi kuangalia madaraja, mabarabara na mahospitali ya Leta, ni kusema ya serikali, kiisha tunasema gani itavumilia mvua ya siku hizi na gani haitavumilia. Mvua imegeuka. Ile ilikuwa inagawanyika mu mwezi muzima, sasa inashuka mu muchana moja, na milima haina tena miti ya kushika maji. Mu mwezi wa tisa tulifika ku daraja ya chini ya quartier yetu, ile baba yetu, marehemu Papa Idi, alijenga na mikono yake wakati alikuwa masoni, fundi wa kujenga.

Mwenzangu, ingénieur Sikuli, alishuka mu maji na chuma murefu. Aliichoma chini ya muguu ya daraja, ikaingia yote kama mu bugali: maji ilishakula udongo ya chini. Hakuniangalia. Alisema polepole kwamba Papa hakukosea kitu. Alijenga kwa maji ya wakati wake.

Sikuli alitaka tuzuie magari tu, batu ya miguu baendelee kupita mpaka tupate njia ingine. Ni miye nilikatala. Nilifikiri batoto ya masomo, vile banapitaka pale mbio wakati mvua inanyesha. Tukafunga yote na miti na waya.

Ku mukutano, chef wa avenue, mzee Muhindo, alisimama mbele ya batu bote akaniuliza: «Rachida, baba yako alitupatia daraja, wewe unakuja kutunyanganya?» Mama alikuwa anaikala kati ya bamama. Aliamuka, akaenda nyumbani.

Sasa kwa kufika ku maternité, kwenye bamama banazalia, ngambo ya daraja, ni lazima kuzunguka kilima. Falonne, muke wa fundi wa kushona jirani yetu, uchungu ilimushika asubui moja ya mvua. Bamama balimubeba mu ile njia ya kuzunguka, matope ikabashinda. Alizalia pale ku kando. Mutoto hakulia. Mama yetu ndiye alimufunga mu kikwembe yake ya kujifunga.

Yaya, hakuna mutu anaweza kunionyesha bale niliokoa. Mais ule mutoto, nilimuona.

Nilienda kwa Falonne. Nilitaka kupiga magoti, akanishika mukono. Aliniuliza kitu kimoja tu: «Ni kweli ilikuwa ya kuanguka?»

Nilimujibu: «Siku gani, sijue. Mais itaanguka.»

Kiisha akasema: «Basi fanyeni ingine. Mbio.»

Sasa sikia kitu sijaambia mutu, hata Mama. Daraja ya Papa inasimama bado. Kila mvua ikianza, nasimama ku dirisha, na mu roho yangu kuko sauti inaomba ianguke, ili batu baone kwamba sikudanganya. Miye, binti yake, naomba kazi ya mikono yake ivunjike. Naona haya, mais ile sauti hainyamaze.

Ni juu ya ile nakuomba: tusingoje Leta. Camion yako ikipanda kutoka Beni, tuletee mbao ya nguvu. Sikuli amepata fasi ya daraja mupya, juu kidogo, kwenye kingo ni jiwe na maji iko mbali. Batu ya avenue bamekubali kutoa mikono, hata Muhindo ameanza kuchimba. Bwana ya Falonne pia anakujaka. Hatusemezane. Anashika jiwe upande moja, miye nashika upande ingine, tunabeba.

Mama anakusalimia sana. Juzi alirudia kuniwekea chakula, kitu alikuwa ameacha toka mukutano. Anaomba uendeshe polepole, barabara haiko salama. Mungu akuchunge wewe na nyumba yako yote, na shemeji umuambie kwamba namukumbuka.

Ni miye mudogo yako,
Rachida