Ufito wa Mkono wa Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na kile kikohozi ulichomweleza Mama kimekwisha. Sisi huku tu wazima. Mgongo wa Mama haujamsumbua tangu apate kile kiti chenye mto. Paka amezaa ndani ya kapu la maranda karakanani, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Mimi naendelea vizuri na masomo. Mwalimu wa jiografia amesema nikipunguza woga nitafika mbali.

Baba naye ni mzima. Nimeandika hivyo makusudi, na nitakueleza kwa nini.

Mama ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Alisema nikwambie kwamba Baba anaumwa, au kwamba nyumba inakarabatiwa, niseme lolote mradi uahirishe safari yako ya likizo. Nilipouliza kwa nini asikupigie simu mwenyewe, alijibu kwamba sauti yake itamsaliti, afadhali mwandiko wangu kwa kuwa hautetemeki.

Siku ujumbe wako ulipofika kwamba utakuja, Baba alikuwa mezani. Alimaliza chai yake, akaingia karakanani, akaushusha ule mwanzi aliouhifadhi juu ya dari, ule ambao hata mteja wake wa siku zote, daktari wa meno, aliuomba mpaka akachoka. Akaupasua, akavipiga randa vipande vyake vikawa vyembamba, akaviunganisha kwa gundi kuwa ufito mmoja wa kuvulia samaki aina ya besi. Mama alipomuuliza ni kazi ya nani, alijibu kwamba ni ya mteja mmoja mgumu sana, mbishi, asiyeridhika na kitu. Mama akasema mteja huyo anamfahamu, amemzaa. Baba akajifanya hasikii kwa sababu ya kelele za randa, na randa yenyewe ilikuwa imelala mezani.

Mimi niligundua kwa mpini. Unajua Baba hachongi mpini kabla ya kupima mkono wa mwenyewe. Safari hii alilitoa shati lako la shule sandukuni, akalipima mkono kwa uzi, akaongeza kidogo akikisia ulivyorefuka. Kisha akachonga mahali pa dole gumba upande usiomfaa mtu mwingine yeyote humu ndani, upande wa mkono wa kushoto.

Kaka, najua mlivyoachana. Nilikuwa mlangoni siku ulipomwambia kwamba fito za mwanzi zimepitwa na wakati, kwamba za dukani ni rahisi na hazina kubembelezana, na kwamba unakwenda kutengeneza majokofu kwa sababu majokofu hayana maringo. Tangu siku ile hajalitaja jina lako. Lakini ufito huu aliusugua kwa msasa kama anayemwosha mtoto uso.

Sasa linakuja linalonitia haya.

Shuleni wananiita Vanishi, kwa sababu sare yangu inanuka vanishi anayopakia Baba fito zake. Jina hilo nimelizoea. Ila wapo wenzangu wa darasani ambao huvua bwawani kila Jumamosi, na juma lile walinicheka kwamba binti wa fundi mzima hajawahi kumtoa majini hata besi mmoja, labda kwetu tunakula gundi. Nikawajibu waje Jumamosi waone. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Jumamosi Baba na Mama walikwenda kumjulia hali shangazi. Nikauchukua ufito wako kwenye mfuko wake wa kitambaa. Vanishi ilishakauka, ulibaki mkono wa mwisho wa kupaka tu. Nikaufungia kile kigurudumu chako cha zamani cha kukunjia mshipi, nikaenda nao bwawani nikiwa nimeukumbatia.

Nikwambie kweli, ni ufito wa ajabu. Nilirusha mara ya kwanza, mshipi ukaruka bila kelele na chambo kikatua kando ya magugu, palepale nilipolenga. Hata wao walisogea karibu. Haikuchukua muda besi akakidaka. Ufito ukainama mpaka nusu, na kila alipotikisa kichwa kule chini, mimi nilimsikia kiganjani. Sijawahi kushika kitu kilicho hai namna ile kisicho na damu.

Lakini mpini ulikuwa wako, haukuwa wangu. Dole gumba langu halikupata pa kukaa, mkono ukawa unateleza. Wenzangu wakaanza kupiga kelele kwamba mnyanyue, Vanishi, mnyanyue tumwone! Nami nikafanya jambo ambalo Baba humwonya kila mteja kabla ya kumkabidhi ufito wake. Niliuacha mpini, nikaushika ufito wenyewe, juu kabisa penye mpindo, nikamwinua besi hewani ili wamwone.

Ufito ulilia kama njiti ya kiberiti, ukakatika. Besi akaenda zake na kipande cha mshipi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema kumbe kazi za fundi wetu ni za kutundikwa ukutani tu. Nilimwacha aseme hivyo juu ya Baba, na kosa lilikuwa mkononi mwangu.

Nilivirudisha vipande mfukoni, nikautundika mfuko mahali pake, nikaosha tope kwenye viatu. Waliporudi walinikuta nasoma jiografia.

Baba alikuja kuufungua ili aupake ule mkono wa mwisho. Nilikuwepo. Aliviinua vipande dirishani. Mpasuko ulikuwa umefuata mstari wa gundi, akaupitishia ukucha. Kisha akasema gundi ndiyo iliyoachia, ufito umevunjika ukiwa umetundikwa, bila hata kuguswa na samaki, na anayetengeneza ufito wa namna hiyo amekwisha. Akaigeuzageuza mikono yake kama ya mtu mwingine.

Tangu hapo amezipaka randa zake mafuta na kuzifungia sandukuni. Daktari wa meno ameambiwa atafute fundi mwingine. Jana alimwambia Mama kwamba usije, maana utamkuta ameshika nini? Akasema kijana alinena kweli, aachwe na majokofu yake. Ndipo Mama akaniita nishike kalamu.

Kaka, gundi haikuachia. Mikono ya Baba haina kosa. Ni mimi niliyeuvunja ufito wako, kisha nikakaa naye meza moja, siku baada ya siku, nikimwona anaidharau mikono yake, na mimi namwomba anisogezee chumvi.

Sikuandikii ili unifichie siri. Nimeamua kwamba barua hii haitabandikwa stempu kabla sijamsomea Baba yote, kuanzia kikohozi chako. Kwa hiyo ikikufikia, ujue ameshaisikia. Nawe uje. Hata akinifukuza karakanani, wewe uje.

Shangazi anakusalimu, na jirani fundi viatu anauliza kama huko pia soli zako zinalika upande mmoja. Nakutakia afya na kazi njema.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya,
Kitindamimba

Nyongeza. Nimemsomea. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alinipa ufagio niushike kama ufito, akataka nimwonyeshe niliposhika. Nikamwonyesha. Akasema ukishikwa hapo, hata ungekuwa wa chuma ungevunjika. Baadaye sana akauliza besi alikuwa mkubwa kiasi gani. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Ila amelitoa lile sanduku la randa, liko mezani, halijafunguliwa. Anasema shati la shule linadanganya. Upime mkono wako wa kushoto kwa uzi, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, uukate uzi huo na kuutia kwenye bahasha. Au kama unaona bahasha ni usumbufu, anasema, ulete mkono wenyewe.