Reli za Gari la Baba

Jumanne, 15 Julai

Baba amekunywa uji nusu kikombe. Nimemwogesha, nimembadilishia shuka, nimemjazia chupa ya maji moto ya kuweka miguuni. Baridi ya Njiru mwezi huu haina adabu. Inapita chini ya mlango.

Musyoka amepiga simu. Kaka yangu huyu anakaa mtaa wa Fedha, si mbali, lakini kwa baba huja kama mkaguzi. Leo hata hakuuliza mgonjwa amelalaje. Ameuliza gari liko wapi. Anataka kulitia reli juu ya paa, zile za kufungia mizigo. Nikamuuliza mizigo gani. Akasema gari la familia lazima lipendeze.

Gari ni la baba. Alilinunua alipostaafu, viti vya watu wanane, na tangu augue mimi ndiye dereva. Hospitali na kurudi, soko na kurudi. Musyoka hajui hata linakunywa mafuta aje. Sasa anataka kulipamba.

Jumamosi, 19 Julai

Amekuja na reli. Ndefu, za rangi ya fedha, zinang'aa. Fundi hakuleta. Eti ni kazi ndogo, gundi imekuja nazo. Akafuta paa na kitambaa, akabandua karatasi, akazibandika, akarudi nyuma kupiga picha. Picha ameshazituma kwa jamaa wote.

Baba aliomba atolewe nje aangalie. Alikaa na blanketi magotini, akatazama mpaka mwisho. Mimi nilikuwa jikoni nachemka. Mtu hajamnyoa babake ndevu tangu Pasaka, lakini paa la gari amelifuta mara mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimecheka peke yangu. Nililipeleka gari kuoshwa. Mwoshaji alielekeza mashine ya maji juu, reli ya kushoto ikang'oka ikaning'inia kama utumbo wa kuku. Akashtuka, maskini, akidhani nitamgombeza. Nikamwambia amalizie na ya pili. Akasema hizo ni za urembo tu, hazibebi hata gunia la mkaa.

Nikampigia Musyoka. Hakucheka. Alikasirika kupita kiasi, akasema basi ataleta fundi wa kweli atoboe paa. Hasira yote hiyo kwa vyuma viwili vya urembo? Kuna kitu hapa. Nadhani anataka gari lenyewe. Anajizoesha kuwa mwenye mali.

Jumamosi, 26 Julai



Fundi alikuja na Musyoka. Anaitwa Oti, ana karakana Donholm. Alipanda juu ya stuli akapima paa, akashuka. Musyoka alikuwa ameingia kwa baba. Fundi akaniuliza mimi, kwa upole, kama mtu anayeuliza sukari ngapi:

"Mathe, hizi ni za mizigo ya kawaida ama ni za kupeleka mtu nyumbani? Sanduku linataka vyuma viachane kidogo."

Kupeleka mtu nyumbani. Nani hapa hajui ni safari gani? Magari hayo tunayaona kila Ijumaa yakishika Barabara ya Kangundo, sanduku la maiti limefungwa juu kwa kamba, kitambaa chekundu mbele.

Nilimwambia akusanye vyombo vyake aende. Musyoka akatoka mbio. Nilimwita fisi. Nilimwambia baba bado anakunywa uji, bado anadai redio yake akiamka, na yeye ameshampimia paa. Majirani walitoka kusikiliza. Shauri yao. Musyoka alisimama tu, akasema nimuulize baba mwenyewe. Nikamfungia lango.

Sikumuuliza. Ufunguo wa gari nimeutia ndani ya sidiria, atakayeutaka aje auchukue.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Namchukia Musyoka. Afadhali niandike hivyo kuliko kwenda kushikana mikono na watu nikijifanya.

Mama alipofariki gari lilikuwa hilihili. Viti vya nyuma viling'olewa, sanduku likaingizwa ndani, na nafasi zilizobaki akazigawa Musyoka. Baba mbele. Yeye mwenyewe kwenye usukani. Mkewe. Wajomba wawili. Mimi niliambiwa nifunge nyumba nifuate na gari la kukodi. La kukodi likaharibika njiani, tukakaa kando ya barabara tukingoja kipuri. Nilifika kwetu Kitui nikakuta watu wanakula. Udongo umeshasawazishwa, maua yameshawekwa. Mimi niliyemuuguza sikumwona mama akiteremshwa.

Na hakuna aliyeniambia pole. Hata mmoja. Mke wa Musyoka alinipa sahani ya wali.

Jumanne, 29 Julai

Nimemuuliza. Nilikuwa namkata kucha, kwa hiyo hatukulazimika kutazamana.

Ni yeye. Baba ndiye aliyemtuma Musyoka, na akamwonya asiniambie. Lo, nilihisi nimepigwa kofi. Mimi ninayemshika mchana na usiku, na siri yake anampa mgeni wa Fedha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti mbaya. Na huyo mtoto wako, nikaongeza, hata kukuletea vyuma vya kweli ameshindwa.

Alingoja nimalize. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Sauti yake siku hizi ni ndogo, lazima uiname.

"Ungekataa, mama. Siku ile nilikuona ukiachwa langoni, nikanyamaza. Mimi nifungeni juu. Viti visitolewe. Wewe ukae mbele."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kuutupa ule mkasi ukutani. Miaka yote hii alijua. Aliniona pale langoni, akafunga mkanda wake, gari likaondoka. Na fidia yangu ndiyo hii, nipewe kiti siku ya kumzika. Sikitaki kiti hicho. Nakitaka sana.

Nilimkata kucha za mkono wa pili. 

Jumatano, 30 Julai

Baba amekataa uji. Maji tu, kwa kijiko.

Ijumaa, 1 Agosti

Jirani amekaa na baba asubuhi. Nimelipeleka gari Donholm mwenyewe. Nilimwomba Oti radhi kwa yale ya Jumamosi. Akasema amezoea, kwa kazi hii wengine humlilia na wengine humtukana, na kazi ni ileile.

Reli za safari hii ni nyeusi, nzito, za kutoboa. Kila tundu litajazwa silikoni mvua isiingie. Kabla ya kuanza alitaka kujua uzito, maana paa la gari hili lina kiasi chake na hataki lije libonyee njiani. Uzito wa sanduku anaujua. Alitaka wa mtu. Akampigia Musyoka, kwa kuwa ndiye aliyemleta kazini, akaweka sauti ya nje tusikie sote. Musyoka akasema kilo tisini. Akafikiri kidogo, akasema labda themanini na tano, mzee amepungua.

Baba alikuwa na kilo tisini zamani, alipokuwa bado anafanya kazi Eneo la Viwanda na mashati yake yakikatika vifungo.

"Arobaini na sita," nikasema.

Nilimsikia Musyoka akipumua kwenye simu. Alikuwa anangoja mtu aseme nimekosea, na sikumsaidia. Mimi ndiye ninayemwinua baba kitandani kila siku, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Zamani nilikuwa namwita jirani anishikie. Siku hizi namwinua peke yangu, na hata sijikazi.

Oti aliandika namba kwa chaki juu ya paa, akawasha keekee ya kutobolea. Nikakaa kwenye benchi lake nikangoja amalize.