Usifungue Hiyo Chupa Mbele ya Kaka Yako

Kasongo, kwa Feza

Mama Feza, muke wangu,

Nakusalimia sana. Umelala namna gani? Ule mugoti wa kushoto, mvua imeuacha au bado inausumbua? Mbuzi mweusi amezaa? Na paa la jikoni, ule upande nilikuambia musiguse, mumegusa? Najua mumegusa. Mimi niko na nguvu. Watu ya hapa wakiniona nabeba gogo la kinu peke yangu wanauliza, huyu muzee ni mutu ya wapi? Nawajibu: Wamaza. Wananipisha njia.

Barua hii naiandika mimi mwenyewe na mukono wangu. Sikutaka kijana ya soko aniandikie, maana mutu akikuandikia anatia maneno yake ndani na wewe haujui. Herufi zikilala, wewe mwenye ulimaliza shule ya masista utazisimamisha.

Sasa sikiliza vizuri. Ile chupa ya mayoneze yenye Juma wa pikipiki amekupa pamoja na barua hii, ile imefungwa na kitambaa na kamba, usiifungue kwanza. Isukume chini ya kitanda. Na kaka yako Lubunga asiione kabisa. Ndani kuna lutuku ya mahindi, ile pombe kali inawaka moto ukiisogezea kiberiti, na Lubunga akisikia harufu atakunywa yote, kisha atauliza hii nyama ilipikwa na nani. Haiko nyama ya kula. Nitakuambia ni nini, lakini acha nianze ku mwanzo, maana wewe umesikia mwisho tu, tena umeusikia mu kinywa kibaya.

Nani alikupigia simu? Ni yule mama mwenye kuuza samaki za Nyangwe hapa sokoni, usimufiche. Alikuambia: Muzee Sumaili amepeleka binti yenu, wamemupasua, wametoa mutoto. Ukaamini. Ukanipigia, ukasema nimetoa mujukuu wako kwa kisu, ukasema Feza asikanyage tena kiwanja chako, ukakata. Tangu siku hiyo tunapiga, simu inalia tu. Mimi hainiumizi. Nimekatiwa simu na watu wakubwa kukupita. Lakini Feza kila asubuhi anashika simu, anaiangalia, anaiweka chini. Njo sababu ninaandika.

Unajua nilikuja huku kuchonga vinu, maana watu ya Kasongo wanapenda sombe, majani ya mihogo, lakini kinu hawajui, wanatwangia mu vitu vinapasuka mbele ya masika. Nilifikia kwa Feza, mu nyumba yenye mukwe wetu Amuri alimuacha ndani akaenda kuchimba dhahabu Salamabila. Nikamukuta na tumbo. Mama Feza, nilifurahi mimi! Nikasema, haya, mujukuu ameshuka.

Maana tulimungoja. Yule mama ya dawa wa ng'ambo ya muto alituambia nini? Kwamba mimba ya Feza ilipanda ku mugongo, imelala kule, na damu ya kila mwezi ni mutoto anaoga. Akatoa mizizi Feza anywe, wewe ukamupa jogoo wangu mwekundu. Sikusema kitu. Nilisema kidogo. Kila mara Feza akija nyumbani, ulikuwa unamupaka mawese mu mugongo, unamuimbia mutoto, unamuita na jina la baba yako: Tambwe, Tambwe, shuka tukuone. Na mimi nilikuwa nakaa mulangoni nasikiliza, niliamini kama wewe.

Lakini mutoto gani anaoga namna ile? Haya ni mambo ya wanawake, baba hapaswi kuyaona, ila nyumba ni ndogo na mimi sina macho ya kuvua. Feza alikuwa anafua vitambaa bila kupumuzika. Mwezi ya wengine inaisha, yake inaendelea. Akisimama ku cherehani anashika ukuta. Kucha nyeupe, ulimi mweupe, moyo unapiga kama mutu amepanda mulima. Na udongo alikuwa anakula, anauficha mu sanduku ya nyuzi. Nikasema, unaona, anatamani udongo, mimba njo hiyo. Kisha siku ya soko akaanguka katikati ya nyanya za watu.

Mimi njo nilimufikisha lopitali. Watu watakuambia walimubeba vijana ya pikipiki. Walimubeba, ndiyo, lakini nani alikuwa mbele anafungua njia na fimbo?

Kule tukakuta dokta. Iko kijana, na viatu vyake vinang'aa mu majira haya ya matope. Mutu mwenye viatu safi mu matope mimi ninamuogopa. Akasema, "Papa, toka kidogo, nimuulize binti mambo ya mwezi yake." Nikasema, sitoki. Nikageukia ukuta. Nilisikia yote na uso ku ukuta. Akauliza damu inakaa siku ngapi, inatoka na mabonge au bila mabonge, tumbo linauma, mukojo unamubana. Kisha akauliza, "Na udongo, unakula?" Nikashituka. Nani alimwambia? Nikasema mu moyo, huyu iko na mutu anamupelekea habari za nyumba yangu. Yeye anasema hapana, damu ikipunguka sana mu mwili mutu anatamani udongo, iko na mimba au haiko nayo.

Akamupaka dawa ya baridi ku tumbo, akapitisha kamashini. Kuna televizio, lakini ni kama mvua tu inanyesha ndani. Akasema, "Papa, geuka uone. Hakuna mutoto. Ni fibromu." Anasema ni kitu kinaota mu nyama ya kizazi yenyewe, wanawake wengi wanacho, wengine wanazeeka nacho bila kujua, hakitoki kwa uchawi wala kwa uzinzi. Ila cha Feza kimekuwa kikubwa, tena kiko na wadogo zake, na njo kinaleta damu yote hii.

Nikamwambia, "Wewe unatafuta mbele. Mutoto iko ku mugongo. Peleka mashini ku mugongo."

Akaipeleka. Kweli! Akamugeuza Feza, akapitisha, akanionyesha kitu kama haragi. "Hii ni figo, Papa."

Nikasema, kila mutu anaweza kusema figo.

Hapo kulikuwa muganga mumoja mwanamuke, ile ya lopitali mwenye kusaidia dokta, Mama Zaina, mutu ya mudomo sana. Akaniuliza, "Papa, huyu mutoto alipanda mugongo tangu lini?"

"Tangu barabara ya Kindu ilikuwa bado barabara."

"Eee! Basi ameota ndevu mule. Akitoka atakuomba mali ya kuoa."

Wanawake wote ya mu chumba wakacheka, hata mwenye alikuwa na serumu, yale maji ya dawa, mu mukono. Mimi sikucheka. Nikasema hakuna kisu. Nikasema kesho ninamubeba mutoto wangu Wamaza, mama yake atamupaka mawese. Dokta akasema, "Na damu hii imebaki kidogo, hatafika." Nikasema, ninyi munatisha watu kusudi mupate wa kupasua.

Sasa soma pole pole hapa. Feza alikuwa amelala, ameangalia juu ya dari. Akasema: "Baba, mama anazungumuza na mugongo wangu tangu zamani. Mimi mwenyewe hajaniuliza niko namna gani. Kama kuna mutoto, ananikula. Kama hakuna, ninakufa sababu ya mutu haiko." Akageuka kwa dokta: "Ninakubali. Mungoje bwana yangu afike."

Sikumwagiza mimi kusema vile. Alisema mwenyewe, na unajua kichwa yake aliitoa kwa nani.

Amuri akafika na vumbi ya Salamabila mu nywele na mu masikio. Nilijua amekuja kudai mbuzi zake za mahari. Nikakaa naye karibu nimusikie vizuri. Hakusema mbuzi. Alikunja shati, akasema wapime damu yake. Ikafanana na ya Feza. Mimi pia nilitoa mukono, wakanikatalia, wanasema nimepita umri. Damu yangu! Damu yenye imechonga vinu vya nusu ya Kabambare! Nikamwambia Mama Zaina munaogopa itakuwa kali sana. Akasema, "Njo hivyo, Papa, atatoka hapa anatukana watu."

Nilimupa dokta masharti mbele ya kuingia. Kizazi asikiondoe. Na kila kitu atakitoa, nikione na macho yangu, asinifiche. Akanijibu: "Nitajaribu kukiacha. Lakini damu ikikataa kusimama, nitachagua mutoto wako, kizazi sitachagua." Nikaangalia viatu vyake. Siku ile vilikuwa na matope. Nikasema, sawa, ingia.

Tulikaa na Amuri ku jiko ya inje, pale wanawake wanapikia wagonjwa yao. Mutu alituletea bugali, hatukukula. Kisha Mama Zaina akatoka na sahani ya chuma imefunikwa na kitambaa cha kijani. Hapa njo kawaida yao, wanaonyesha jamaa. "Papa, ulisema unataka kuona. Njoo."

Mama Feza, niliona. Kubwa ilikuwa kama boga la kwanza la shamba, mviringo, nyeupe nyeupe na rangi ya ngozi ya kuku. Wadogo zake kama viazi. Ngumu, kama fundo la muti pale shoka inaruka. Walinivalisha mifuko ya mukono, nikaishika. Nilitafuta sikio. Niligeuza, nikageuza tena, nikatafuta mahali pa mudomo. Nikaita Tambwe, pole pole, kusudi Mama Zaina asinisikie. Hakuna kitu kilijibu.

Nikasema, pasueni. Wakapasua ile kubwa mbele yangu. Ndani ni nyuzi nyeupe zinazunguka zinazunguka, kama muti unazunguka fundo lake. Hakuna mufupa. Hakuna nywele. Hakuna mutu alikuwa mule, Mama Feza. Siku zote ulikuwa unaimba, hakuna mutu alikuwa anasikia isipokuwa Feza.

Walikata kipande, wanasema kitapelekwa Bukavu kuangaliwa kama hakina ubaya. Nikauliza, kule munauzisha kwa nani? Mama Zaina akasema, "Papa, kama hii ingekuwa na bei, mimi ningekuwa mu nyumba ya ghorofa, singekuwa hapa nabishana na wewe." Bado nitauliza tena. Lakini nikasema moja nipewe mimi, ile kama kiazi, maana ninajua muke wangu, bila kuona haamini, na neno langu peke yake umekwisha kulikataa. Dokta alicheka, akakataa, akakubali. Mutu akikaa na mimi anaishia kukubali.

Njo hiyo iko mu chupa, lutuku inaizuia isioze.

Kizazi wamekiacha. Nilimuuliza dokta kama Feza atazaa. Akasema anaweza, na anaweza kukosa. Kwanza apone, damu irudi, anywe dawa ya damu, na siku akipata mimba aje mapema waiangalie. Nikasema niahidi. Akasema haahidi. Hapo nikamupenda kidogo. Yule mama ya ng'ambo ya muto aliahidi, na jogoo wangu akamukula.

Feza anatembea sasa mpaka mulangoni na kurudi. Udongo ameacha. Anakula haragi na matembele. Kucha zinaanza kurudi rangi.

Tena neno moja. Binti ya jirani yetu Mama Sifa, mwenye anakunywa mizizi ileile sababu ya mimba ya mugongo ileile: mwambie mama yake amuangalie kucha. Zikiwa nyeupe, asingoje aanguke mu nyanya. Amulete, mimi niko hapa, Mama Zaina ananiogopa.

Nisalimie mama yako, mwenye hakunipenda mimi na bado anakula mihogo yangu. Nisalimie mudogo wangu mwenye kulinda shamba, mwambie nguruwe za pori hazilindwi na usingizi. Nisalimie katekista, lakini barua hii usimupe asome. Lubunga nisalimie ukiwa umekalia chupa.

Sasa fanya hivi. Ungoje mchana, jua likiwa wazi. Toka nayo inje nyuma ya nyumba, wewe peke yako. Imwage mu sahani yenye haupikii tena. Chukua kijiti, igeuze kila upande, usiharakishe, mimi sikuharakisha. Tafuta sikio, tafuta mudomo. Ukitaka kuita lile jina, liite, hakuna mutu atakucheka. Kisha izike na unawe mikono na sabuni.

Ukikuta uso, nipigie mimi, na mambo yote yenye ulisema juu yangu nitayakubali. Ukikosa uso, mupigie mutoto wako. Anashika simu asubuhi. Ya mugongo usimuulize. Muulize yeye iko namna gani.

Ni mimi bwana yako, na ngumi zangu bado nzima,

Sumaili, Papa Feza