Gogo Ulilolidharau, Baba Kabula

Baba Kabula,

Wenzio huandikiwa pole. Mimi mkeo sina pole leo, nina hasira, na safari hii utanisikiliza maana huna pa kwenda.

Ulirudi mzima kutoka vita vya Waingereza kule Bama, na risasi zote zile, ukaja kufia kwenye mteremko wa Geita ukipeleka kuni mgodini! Huoni haya? Basi mimi naona kwa niaba yako.

Kila mwenye gari la ng'ombe njia ile anajua kuwa gari halina breki. Ukifika kileleni unafunga gogo nyuma kwa mnyororo, liburuzwe chini na kulishika gari, maksai wasisukumwe na mzigo. Wewe ukasema gogo ni la wazee. Ukafunga hirizi kwenye nira, kidude cha ukubwa wa kidole, eti ndicho kitashika gari zima la kuni. Shangazi yako Limi, aliyekulea, alisimama uani akakwambia, "Ng'wanone, mwanangu, funga gogo. Utakuja kunikumbuka." Ukacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Walioona wanasema gari lilipoanza kukimbia uliruka mbele yake, ukatanua mikono ukipiga kelele, "Hoo! Hoo!" Loo, mume wangu! Gari limesikia maneno lini? Likishakwenda linakwenda tu mpaka kitu kilizuie, tena linanyooka mpaka kitu kilivute pembeni. Kwenye kona ya mtoni maksai walikata kushoto, mti wa nira ukavunjika, gari likanyooka zake hadi kwenye jabali. Na wewe ulikuwa katikati ya gari na jabali. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Sasa sikia ya kaka yako Masanja. Alikula paja la maksai aliyevunjika mguu, akafuta midomo, akatangaza msibani kuwa Limi ndiye aliyekuroga. Ushahidi? Macho mekundu, na yale maneno yake, "utakuja kunikumbuka." Macho mekundu! Bibi kapulizia kuni mbichi maisha yake yote, na huyo Masanja alikuwa akisubiri ugali. Ndugu zako wakapanga kumfukuza siku ya kumaliza matanga. Unajua mwenyewe, bibi anayefukuzwa kwa uchawi hafiki mbali. Wenye mapanga humngoja njiani.

Nikawaambia, kabla hamjamgusa, twendeni mlimani.

Gari lako lilikuwa limeungwaungwa. Tukalijaza mawe, bila maksai. Kwanza nikafunga gogo. Likateremka likilalamika, gogo likichimba mchanga, mwendo ukapungua, likasimama lenyewe kabla ya kona. Kisha nikalifungua gogo, tukalirudisha gari juu. Masanja akamfunga shangazi kitambaa machoni asije akaliroga, akaning'iniza na hirizi mpya. Wakaliachia. Likaongeza mbio, likaongeza tena, kwenye kona halikukata, likaenda kugonga jabali lile lile. Nilifumba macho, lakini mlio niliusikia. Ndio uliousikia wewe mwisho, Baba Kabula.

Masanja akaanza kunung'unika kuwa mchawi huroga hata akifungwa macho. Baba yenu mdogo akamkatiza, "Nyamaza, mpumbavu we! Kitambaa umefunga mwenyewe." Wakamfungua shangazi. Masanja hajakanyaga kwangu tangu hapo, na nyumba imepata hewa.

Limi anaishi nami sasa. Anamfundisha Kabula kusuka vikapu, na anasema nikuandikie kuwa hana kinyongo nawe. Mimi ninacho, tele. Ulikuwa na wanawake wawili wanaokupenda, ukaamini kipande cha ngozi kilichoshonewa majivu. Mwanaume mzima!

Kuni napeleka mwenyewe siku hizi, maana mtoto lazima ale. Vijana wananipita mteremkoni wakinicheka, kama ulivyokuwa ukiwacheka wazee. Wacha wacheke. Nakuahidi hili: Kabula hatapoteza mzazi wa pili kwenye kona ile. Kila nikifika kileleni nasimamisha maksai, nafunga gogo, nauvuta mnyororo kwa mikono yangu miwili ndipo nateremka.

Haya, lala, mjinga wangu. Ungelifunga gogo siku ile, leo ningekuwa nakugombeza uso kwa uso.

Mama Kabula