Besi Ndiye Anayeanza

Harlem, 9 Machi 1975

Kwako ndugu Purvis,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, ila goti la kushoto hunikumbusha kila asubuhi kwamba yule Lemuel wa kuruka ngazi tatu tatu ameshakwenda zake. Claudine, mke wangu sasa, hajambo, anakusalimu. Na wewe je? Umeshaoa? Mama mzee bado anakaanga kambare?

Miaka kumi na saba bila hata kadi ya Krismasi, utasema huyu ana jambo. Ninalo. Unamkumbuka Mama Odessa Purifoy wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akitumwagia maji tukiimba pale pembeni, kando ya sanduku la posta? Tarehe saba Juni anatimiza miaka themanini. Wajukuu walimwuliza anataka zawadi gani, akasema, "Nileteeni wale vijana wenye kelele." Nikapanda kwenda kumshukuru. Akanitazama juu mpaka chini: "Wewe sina shida nawe, nakusikia kila Jumapili. Namtaka yule wa sauti ya chini. Ndoo zangu zote hazikumpata hata mara moja."

Wendell yupo. Horace yupo, tumbo limemtangulia lakini sauti ipo. Tulijaribu kuimba kwenye ngazi za jengo letu la zamani, palepale penye mwangwi. Hatukujua tuanzie wapi. Kundi letu la Chiriku halijawahi kuwa na kinanda, Purvis. Ulikuwa unanguruma wewe, sisi tunapanda juu yako.

Na kuhusu yale ya studio mwaka wa 58, mimi nimeshakusamehe kwa kuanza juu mno. Shetani asipate nafasi. Njoo.

Ndugu yako katika Kristo,
Lemuel


Orangeburg, Carolina Kusini, 2 Aprili 1975

Lemuel,

Amani iwe nyumbani mwako. Huku tuko salama. Mama alilala katika Bwana mwaka juzi, kwa amani. Mimi naendesha basi la watoto wa shule, na Jumapili nakaa safu ya nyuma ya kwaya, sauti ya nne, besi, kama kawaida.

Barua yako nilimsomea mke wangu Verdell. Kwenye habari za Mama Odessa alicheka. Nilipofika kwenye "nimeshakusamehe" akavua miwani. "Kwani ulimkosea nini?" Miaka kumi na minne ya ndoa, sikuwahi kumwambia. Basi nikamwambia.

Kwamba fundi wa mitambo alituuliza tunaimba kwenye kimo gani cha sauti, tukatazamana kama kondoo. Kwamba ulimwona Claudine nyuma ya kioo, ukaniinamia ukasema, "Leo anzia juu, Purvis, nimwonyeshe." Nikaanzia juu. Ukafika mwisho wa wimbo, sauti ikakatika kwa mlio kama wa mlango wenye kutu, na nafasi ya kurudia hatukupewa, wengine walikuwa wanangoja. Santuri ikatoka hivyohivyo. Tulipofika nje Wendell akauliza, "Nani katupeleka kule juu?" Ukatazama viatu vyako. Ukasema, "Muulizeni besi."

Nilingoja umalizie. Nilingoja mpaka siku niliyopanda treni kurudi huku.

Sina kinyongo, nimeliombea sana. Lakini siwezi kurudi kwenye nusu duara ile nikiwa mtu aliyesamehewa. Waambie Wendell na Horace, kwa mdomo wako, palepale pembeni. Ukishindwa, nisalimie Mama Odessa.

Ni mimi,
Purvis Gadsden


Harlem, 18 Mei 1975

Ndugu yangu Purvis,

Salamu, na pole sana kwa msiba wa mama. Sikujua, na kutojua kwangu ni aibu yangu.

Wiki hizi sita za kimya, posta haina kosa. Mimi shemasi, Purvis. Nimewasimamia wengi wakitubu, hata nikawashika mkono. Yangu niliiahirisha kila Jumapili.

Nilianza na Claudine. Akaendelea kumenya viazi. "Siku ile," akasema, "nilikuja kumwangalia Horace." Nikakaa chini. "Halafu wewe sauti ikakukatika mbele ya watu, na hukukimbia, ukaumaliza wimbo. Ndipo nikakutazama."

Jana nikawaita wale wawili kwenye sanduku la posta. Nikavua kofia, nikasema yote, hata lile la viatu. Wendell akaniangalia kwa huruma. "Lemuel, ulimnong'oneza Purvis kupitia mgongoni kwangu. Unafikiri mimi nilikuwa nguzo? Kule nje niliuliza ili useme mwenyewe."

"Mlijua? Mbona hamkusema?"

"Na Purvis naye alinyamaza," akasema Horace. "Tukasema tukuachie wewe. Tulidhani itachukua wiki moja."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Wendell akafuta macho na kusema tulipaswa kukuandikia, sote watatu, na hakucheka tena. Juu dirisha likafunguka, nami nikaruka nyuma kwa mazoea. Alikuwa Mama Odessa. "Mbona watatu? Yuko wapi wa chini?"

Nikamwambia nakwenda kukuandikia.

Ile "nimeshakusamehe" naifuta. Nisamehe wewe.

Ndugu yako,
Lemuel


Orangeburg, 27 Mei 1975

Mpendwa Lemuel,

Hatujambo, na Verdell ameanza kufunga mizigo. Tunakuja na basi la Alhamisi, na pai mbili za viazi vitamu. Moja ni ya Mama Odessa. Mwambie aiweke ile ndoo mahali pa karibu, nisije nikajiona mgeni.

Niachieni nafasi yangu kando ya sanduku la posta. Nitaanzia pale nitakapoanzia.

Na wewe usininong'oneze kitu.

Kaka yako,
Purvis